Picha za Bandari Isiyo na Bahari

Nchi yetu sitaitaja, kwa sababu jina lake hulipiwa ushuru kila linapotamkwa, na leo mfukoni sina kitu. Itoshe kusema kuwa ni nchi yenye amani, utulivu na mawaziri. Katika mji wake mkuu, mtaa wa nyuma ya Benki ya Taifa, alikuwepo daktari wa meno aliyeitwa Sefu Luhende. Mlango wa pili kutoka kwake nilikuwepo mimi, Fundi Chande, mshona suti za viongozi. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupanua viuno vya suruali. Niliifanya kwa uzalendo na sikuuliza maswali.

Daktari Luhende hakunywa pombe, hakucheza kamari, hakuwa na mke wa pili. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: alikusanya picha. Na si picha za aina yoyote. Alikusanya picha za kejeli zilizochapwa enzi za mababu, wakati nchi nzima iliposhikwa na wazimu wa Kampuni ya Bandari Kuu.

Kwa wasiojua historia (somo hilo lilifutwa shuleni ili kupunguza uzito wa mikoba ya watoto) nitaeleza kidogo. Nchi yetu haina bahari. Anayetaka kuiona avuke mipaka miwili na jangwa. Lakini Gavana wa enzi hizo alitangaza kwamba bandari itajengwa kwanza, na bahari ikishaona bandari nzuri itakuja yenyewe. Hisa zikauzwa. Watu wakauza ng'ombe, wakauza mashamba, wakang'oa hadi milango ya nyumba zao na kulala wazi, hisa zikiwa chini ya mito. Bei ikapanda asubuhi, ikapanda mchana, ikapanda jioni. Kisha siku moja mtu mmoja akauliza maji yako wapi, na kufikia jioni hisa zilikuwa zinafungiwa karanga.

Alikuwepo wakati huo fundi mmoja, Hamdani Sindano, aliyechora vituko hivyo kwa ncha ya sindano juu ya bamba la shaba. Alipaka wino, akagandamiza karatasi, akaziuza sokoni kabla askari hawajafika. Nyingi zilichomwa moto, nyingine zikaliwa na mchwa. Zilizobaki Daktari alizisaka kwenye minada, kwenye masanduku ya marehemu, hata kwenye kuta za banda la kuku, akazitia fremu na kuzitundika katika chumba cha kusubiria wagonjwa.

Akipata mpya alinigongea ukuta.

"Fundi Chande, njoo uone jinsi wino ulivyokaa!"

Nilikwenda. Nilichokiona kilinikera. Kwenye picha moja watu wamekaa kwenye vumbi tupu, kila mmoja ameshika kasia, wanasubiri maji. Kwenye nyingine shehe, padri na mganga wanavutana ndevu wakigombea nafasi kwenye foleni ya hisa. Na ile aliyoipenda kuliko zote ilimwonyesha Gavana ameinama kifudifudi, makarani wake wawili wakimpulizia hewa kwa mvukuto kutokea nyuma, tumbo limetanuka kama puto, na umati unalipima kwa kamba ukishangilia: "Uchumi unakua!"

"Daktari, hii ni picha ya kumwekea mgonjwa?" nilimwuliza.

"Aliyeichora alikuwa na kichefuchefu, Fundi," alinijibu. "Nami ninacho. Nikiitazama najua siko peke yangu."

Basi siku moja ving'ora vilisikika mtaani, magari yakaziba barabara, akashuka Mheshimiwa Baltazari Kipukuswa, Waziri wa Neema ya Ghafla. Alikuwa anaumwa gego. Alikuja na walinzi, na bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kushika leso ya Waziri. Nami niliitwa, maana Mheshimiwa hakupenda kupoteza muda wa taifa: wakati jino linatibiwa, kiuno kipimwe.

Alipochomwa sindano ya ganzi, Daktari alimwomba asubiri kidogo ishike. Waziri akawa anazunguka chumbani na shavu lake zito, mimi namfuata na futi yangu. Akasimama mbele ya Gavana na mvukuto wake. Akamtazama kwa muda mrefu. Nikasema moyoni, leo Daktari kaisha.

"Huyu nani?" Waziri aliuliza.

"Gavana wa zamani, Mheshimiwa."

"Ana mwili."

"Anao, Mheshimiwa."

"Zamani wakubwa waliheshimiwa," Waziri alisema kwa huzuni. "Ona anavyohudumiwa." Akaigusa fremu. "Umeinunua kiasi gani?"

Daktari ni mtu asiyejua kudanganya, ndiyo maana hajawahi kuteuliwa. "Bei ya ng'ombe wawili."

"Karatasi hii?"

"Zimebaki chache sana, Mheshimiwa."

"Na mwaka kesho?"

"Zitakuwa chache zaidi. Mchwa, mvua, panya..."

"Kwa hiyo bei itapanda."

"Itapanda labda, kwa sisi wachache tunaozipenda, ambao tunajua kwamba zinazungumzia..."

Waziri alikwisha acha kusikiliza. Macho yake yalikuwa yametulia kama ya mtu anayesikia wito wa Mungu. Jino liling'olewa na hakulalamika hata kidogo.

Wiki haikuisha tukaitwa Uwanja wa Taifa. Nilikwenda, kwa kuwa asiyekwenda hufuatwa. Mheshimiwa Kipukuswa alipanda jukwaani katika suti niliyoipanua mara ya tatu.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Wenzetu wana mafuta. Wenzetu wana gesi, wana almasi. Wakatucheka, wakasema sisi hatuna kitu. Leo nawauliza: kitu kikipungua, bei yake inafanyaje?"

"Inapandaaa!"

"Na ni nchi gani duniani yenye vitu vilivyopungua kuliko yetu?"

Uwanja ulilipuka. Nami nilipiga makofi, sikatai. Ndipo akatangaza Mfuko wa Taifa wa Picha za Kale. Kila mwananchi atanunua kipande. Si kipande cha picha, maana mikono ya wananchi ina jasho. Ni kipande cha haki ya kumiliki sehemu ya picha, ambayo yenyewe itatunzwa na serikali ghalani, kwa niaba yake, milele. Bei itatangazwa redioni kila asubuhi baada ya wimbo wa taifa, na haitashuka, kwa sababu kushuka kumepigwa marufuku.

Kulikuwa na tatizo dogo kwamba picha zenyewe hazikuwepo. Hilo lilitatuliwa siku ile ile. Kiwanda cha Uchapaji cha serikali kilipewa agizo la kuchapa picha za kale mpya. Zilitoka mashineni mbichi, zikachovywa kwenye mapipa ya chai ya rangi, zikaanikwa juu ya moto wa mkaa mpaka zikajikunja pembeni kwa uzee. Kwa ajili ya heshima ya taifa, mvukuto uliondolewa. Na pale watu walipokuwa wameshika makasia vumbini, wataalamu wa wizara waliongeza bahari.

Daktari Luhende alipoziona alitoka kliniki na koti lake jeupe, akaenda kwa miguu hadi Ofisi ya Uhalali wa Ukale, amebeba picha zake kwapani. Nilimsindikiza, nikimsihi njia nzima arudi. Katibu wa ofisi ile alikuwa bibi mmoja mtanashati, mwenye mihuri imepangwa mezani kwa ukubwa. Alizigeuza picha mbele na nyuma kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayegeuza panya mfu.

"Daktari, hizi ni bandia."

"Bandia? Hizi zilichapwa na mkono wa Hamdani Sindano mwenyewe!"

"Hazina mhuri wa ofisi hii."

"Mama, zilichapwa kabla ofisi hii haijazaliwa!"

"Ndiyo maana ni bandia," alisema kwa upole. "Tena ni chafu. Na huyu kiongozi aliyeinama, nyuma yake kuna kitu gani hiki?"

"Mvukuto."

"Kwenye zetu haupo. Kwa hiyo umeuongeza wewe." Akamrudishia. "Nenda nyumbani, Daktari. Nakuonea huruma tu kwa sababu ulimziba jino mama yangu."

Bei ikapanda. Wanaojua waliniambia nisibaki nyuma, nikauza cherehani moja kati ya mbili. Mchinjaji wa mtaa aliuza visu vyake. Msikiti uliuza mazulia, kanisa likauza kengele, kila upande ukisema utawahi kununua tena kabla ya ibada ijayo. Na watu walipokwisha kuuza vya ndani na vya nje, Wizara ya Neema ya Ghafla ilikumbuka akiba moja iliyokuwa haijaguswa.

Mnajua kwamba wanawake wa nchi yetu huweka utajiri mdomoni. Jino la dhahabu mume halinyang'anyi, mwizi halifikii, na siku ya msiba linaonekana. Basi redio ikatangaza kwamba posta zote zitapokea meno ya dhahabu kwa malipo ya vipande. Nilikwenda posta kununua stempu nikaikuta ndoo ya plastiki juu ya kaunta, ile ya bluu ya kufulia, na ndani yake meno. Mengine yalikuwa na nyama bado. Nzi walikuwa wamejaa. Karani alikuwa anakula chapati kwa mkono mmoja, na mkono wa pili anachambua. Stempu sikununua.

Foleni ilifika kliniki. Wanawake kwa wanaume, wanataka kung'olewa meno mazima. Daktari alikataa mmoja mmoja mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi moja akaingia mwanamke mrefu, mzee kidogo, na kanga mpya. Alikuwa Bi Mwajabu, dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamsomesha kwa kukaanga maandazi nje ya stesheni ya treni. Mbele mdomoni alikuwa na jino moja la dhahabu. Marehemu mumewe alimwekea mwaka waliooana.

"Sefu, nipishe nikae kwenye kiti," alisema. "Ling'oe."

"Dada, hilo jino zima. Halina hata doa."

"Nimekwambia linauma?"

"Silitoi."

"Kila mtu anapata, Sefu! Jirani yangu Bi Zaina keshaahidiwa nyumba. Mimi nikae nacheka na mtaji mdomoni kama mwendawazimu?"

Daktari alimshika mkono kwa adabu, akampeleka ukutani. "Dada, niliye mdogo wako nakuomba. Watazame hawa. Wameshika makasia, wanasubiri bahari. Waliuza milango ya nyumba zao. Mmoja wao ni babu yetu mzaa baba, wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia!"

Bi Mwajabu aliitazama picha. Aliitazama kwa haki kabisa, akavaa na miwani.

"Hawa walikuwa wajinga," alisema mwishowe. "Hawakuwa na redio."

Akatoka. Sokoni kulikuwa na fundi baiskeli aliyekuwa amefungua kazi ya pili, na koleo lake lile lile la minyororo. Alimng'oa kwa dakika moja na kumfungia jino kwenye gazeti. Bi Mwajabu akaenda posta na damu kwenye kanga, akatia ndoo ya bluu, akapewa karatasi nzuri yenye rangi mbili.

Mwisho wake haukuchukua muda. Mama mmoja, muuza mchicha, alikwenda ghalani akaomba kuiona picha yake. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kuwaonyesha wajukuu. Akaambiwa arudi kesho, akasema atasubiri. Walipojaa wengine nyuma yake, mlinzi aliogopa akafungua. Ghala zima lilikuwa limejaa karatasi zilizoloweshwa chai, hazikuwahi kukauka vizuri. Zimegandana na kuwa bonge moja jeusi lenye ukungu, linanuka kama choo cha stendi, na mende wanatoka ndani yake kwa maelfu. Watu walisimama mlangoni wameziba pua. Halafu kila mmoja akaanza kukimbilia posta, na posta ilikuwa imefungwa.

Redio ilipiga muziki wa bendi mchana kutwa. Jioni Mheshimiwa Kipukuswa alihutubia taifa.

"Bei haijaanguka," alisema. "Imepumzika."

Siku chache baadaye Bi Mwajabu aliletwa kliniki na jirani yake Bi Zaina, amejifunika kanga usoni. Walipoifunua, shavu lilikuwa limevimba mpaka jicho limefunga, ngozi inang'aa. Koleo la minyororo lilikuwa limemwachia kutu. Daktari alinawa mikono, akaniomba nishike beseni. Alipopasua ule uvimbe usaha ulitoka mwingi, wa kijani, na harufu yake ilinirudia kwa wiki nzima kila nilipokaa kula. Bi Mwajabu hakulia. Alimshika mdogo wake mkono wa koti na kumwambia kwa nusu ya mdomo, "Usiniambie neno, Sefu."

"Sikuambii, Dada."

"Usiniambie ulisema."

"Sikuambii." Alikuwa anatokwa machozi, anafuta kwa bega ili mikono isichafuke.

Yote haya yalikuwa yanatosha kwa mtu mmoja. Lakini serikali yetu haiwezi kuona jambo likiisha lenyewe. Iliunda Tume ya Kuchunguza Kupumzika kwa Bei. Na mwenyekiti wa Tume, kwa kuwa hakuna aliyeufahamu mpango ule kwa undani kuliko yeye, akateuliwa Mheshimiwa Baltazari Kipukuswa.

Alikuja kliniki akiwa na furaha. Nami niliitwa tena na futi yangu. Bwana wa leso safari hii alikuwa amebeba mkebe wa biskuti.

"Daktari," Waziri alisema akijilaza kwenye kiti, "Tume itazunguka nchi nzima. Wananchi wamekata tamaa, wanahitaji kuona tabasamu lenye uzito. Niwekee meno ya dhahabu. Ya juu yote, yale ya mbele. Malighafi hiyo hapo."

Bwana wa leso akafungua mkebe. Meno ya dhahabu yalijaa mpaka juu, hayajaoshwa. Mengine yalikuwa na mizizi, mengine na damu iliyokauka.

Daktari alichukua kikoleo chake kidogo. Alilitoa jino moja akalitazama, akaliweka kando. Akatoa jingine. Alifanya hivyo kwa muda, na nilijua anatafuta nini. Lakini jino la dhahabu linafanana na jino la dhahabu, na labda la dada yake lilikuwemo, labda lilikuwa kwenye mkebe wa mheshimiwa mwingine.

"Tunaanza?" Waziri aliuliza.

"Fungua mdomo," Daktari alisema.

Waziri alifungua. Mimi nilikuwa upande wa kiuno, lakini niliona. Sijui nielezeje bila kuvunja sheria. Mdomoni mlikuwa na nyama ya jana na ya juzi, fizi zimekuwa zambarau, na magego yenye matundu meusi ambayo kila moja lilikuwa na harufu yake. Daktari alisimama na kioo chake, akatazama ndani ya mdomo ule kama mtu anayetazama kisima alichoambiwa anywe maji yake. Kisha akaweka kioo chini.

"Funga mdomo, Mheshimiwa."

"Umemaliza?"

"Sijaanza, na sianzi. Funga mdomo."

Bwana wa leso alidondosha leso. Nadhani tangu Mheshimiwa alipoingia siasa hakuna binadamu aliyewahi kumwambia maneno hayo, na kwa mshangao aliyatii; meno yake yaligongana yakalia.

"Na hizi dhahabu zirudi kwa wenyewe," Daktari aliongeza.

Walinzi walimchukua akiwa na koti lake jeupe. Picha zake ziling'olewa ukutani, zikapakiwa kama kielelezo cha biashara ya bandia. Ya Gavana tu haikupakiwa. Waziri aliibeba mwenyewe kwapani, kwa ajili ya sebule yake.

Kesi ilisikilizwa katika mahakama ya mjini, na ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wengi walikuwa wagonjwa wake. Wengine, nadhani, walikuja kwa kuwa hawakuwa na kitu kingine kilichobaki cha kufanya. Bi Mwajabu alikaa benchi la mbele, shavu lake likiwa limepungua. Mheshimiwa Kipukuswa alikaa pembeni kwenye kiti chenye mito, kama mlalamikaji. Daktari alisimama kizimbani amekonda.

Karani wa mahakama alisafisha koo, akasoma mashtaka kwa sauti ya serikali:

"Kwamba wewe, Sefu Luhende, kwa makusudi na bila kibali, ulimwambia Waziri wa Neema ya Ghafla, akiwa katika utekelezaji wa majukumu yake, afunge mdomo, na kwamba Mheshimiwa Waziri, kinyume na desturi na kwa madhara makubwa kwa taifa, alifunga."

Halafu kutoka benchi la mbele ilitoka sauti ndogo kama ya mtu aliyepaliwa. Alikuwa Bi Mwajabu. Alijaribu kujizuia, akaweka kanga mdomoni, ikashindikana. Akacheka. Akacheka mpaka kichwa kikaenda nyuma, na pengo lake la mbele likaonekana na ukumbi mzima, jeusi, bado na alama ya kidonda. Bi Zaina akacheka pembeni yake, naye ana mapengo mawili. Mchinjaji akacheka. Muuza mchicha akacheka akijipiga magoti. Kicheko kilienda nyuma benchi kwa benchi mpaka madirishani, na kila mdomo uliofunguka ulikuwa na shimo pale dhahabu ilipokuwa. Sijawahi kuona kitu kibaya hivyo, wala sijawahi kufurahi hivyo. Mheshimiwa Kipukuswa alitazama vinywa vile vyote vilivyomgeukia, akakusanya mito yake, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Kimya mahakamani!" Hakimu alipiga kelele, akigonga meza. Alikuwa anagonga kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa ameziba mdomo wake, na mabega yanatikisika.

Shauri liliahirishwa hadi tarehe itakayotangazwa. Haijatangazwa. Nasikia hakuna karani anayekubali kuyasoma tena yale mashtaka kwa sauti. Leseni ya Daktari ilifutwa hata hivyo, na fremu zake hakuziona tena. Mheshimiwa aliteuliwa balozi katika nchi yenye bahari, akajifunze inavyokaa.

Tulitoka mahakamani mchana, jua kali, sisi watatu tukiwa kwenye ngazi. Bi Mwajabu alimpangusa mdogo wake vumbi kwenye koti, akalifunga kifungo kilichokuwa wazi, kama anamwandaa kwenda shule.

"Sefu, nina njaa," alisema.

"Unaweza kutafuna, Dada?"

"Upande mmoja."

"Basi twende," Daktari alisema, akampa mkono, wakashuka ngazi taratibu.